Mshika Kamba wa Bomman

Hapo zamani, katika milima ya kusini mwa Bara Hindi, aliyemtia Kempi wasiwasi wa kwanza alikuwa mama mmoja aitwaye Jaji, aliyepita vijijini akiuza chumvi.

"Mwanangu," alimwambia, "jana nilipita kwenye genge la nyuki, pale mwambani. Kaka yako aliiachia kamba."

"Ilimponyoka, au aliiachia?"

"Mimi nauza chumvi. Nilichokiona nimekwambia."

Kempi alikuwa mwanamke Mkurumba, na Wakurumba huishi kwa asali ya gengeni. Mume hushuka kwa kamba. Juu, kamba hushikwa na kaka wa mke, kamwe si ndugu wa mume. Ndugu wa mume aweza kumtamani mjane. Kaka hawezi kumfanya dada yake mjane. Na mshika kamba huimba kwa Kikurumba bila kunyamaza, ili aliye chini ajue kamba ina mwenyewe.

Bomman, mume wa Kempi, alikuwa amerudi hai jana hiyo, mbavu zimechubuka. Sega kubwa lilibaki gengeni na mvua ilikuwa inakuja. Bila sega hilo, nyumba ingelala njaa masika yote. Kesho yake lazima ashuke tena, na mke ndiye humtaja mshika kamba.

Kempi akamwita kaka yake, Masi.

"Dada, nyuki waliniuma, kamba ikaniponyoka, nikaidaka. Tazama viganja."

Vilikuwa vimechunika kweli.

"Mbona mume wangu hakukusikia ukiimba?"

"Nimekaa mno kwenye mashamba ya kahawa ya watu. Nyimbo zimenitoka. Damu haijanitoka."

Kari, mdogo wake Bomman, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka. "Hata mama yako humwamkii kwa lugha yake. Shemeji, mimi ndiye niliyeimba. Mimi ndiye niliyeudaka mkia wa kamba nikauzungusha mtini. Bila mimi ungekuwa mjane."

"Na gengeni ulifuata nini, nawe umekatazwa?"

"Nilijificha. Simwamini huyu."

"Na wewe nani akuamini?" akasema Masi. "Kila dada yangu akienda kisimani, nawe una kiu."

Kempi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akamgeukia mumewe.

"Baba Putta, wamtaka nani?"

"Kule chini mkono siuoni," alisema Bomman. "Nasikia sauti tu. Jana nilisikia sauti ya Kari, ndipo nilipoogopa."

Asubuhi yake Kempi alimwachia Jaji mtoto wake, Putta, aliyekuwa bado ananyonya. Akafika gengeni, akaizungusha kamba mtini, ncha akaifunga kiunoni mwake. Masi akanyoosha mkono aishike, Kempi akaukataa. Kari akanyoosha mkono, Kempi akaukataa. Bomman alikuwa mzito kuliko Kempi; akiteleza, angeweza kumvuta naye gengeni. Kempi akaanza kuimba, Bomman akashuka.

Haya, nyinyi mnaosikiliza: Masi alikuwa na damu bila wimbo, Kari alikuwa na wimbo bila ruhusa, na Kempi alikuwa na mtoto wa kunyonyesha. Je, nani alistahili kuishika kamba ile?