Kibaba cha Mfalme na Uji wa Moto

Mwaka ule mvua ilipita mbali na Bonde la Kikwaju, kama mgeni aliyechungulia jikoni, akaona hakuna kitu, akaamua asibishe hodi. Mtama ulikauka ukiwa na urefu wa goti. Maghala yote yakabaki matupu isipokuwa moja, nalo lilikuwa la Fisi.

Msiniulize alilijazaje. Wanyama wenyewe walimuuliza, akacheka tu, maana Fisi akiulizwa hucheka, akifurahi hucheka, na akiogopa hucheka vilevile. Alifungua duka la unga wa mtama kando ya kisima, akaketi mlangoni na kibaba mkononi, akawangoja wenye njaa.

Kibaba hicho hakikuwa cha hivi hivi. Simba, mfalme wa bonde, ndiye aliyeamuru kichongwe kwa mpingo na kipimwe kwa kiganja chake mwenyewe: unga uliojaa kiganja cha mfalme ndio uliojaa kibaba, si zaidi wala si pungufu. Ubavuni kilichorwa kucha zake tano. Sheria nayo ilikuwa moja. Kila kinachouzwa bondeni, kiwe kikavu au cha majimaji, kipimwe kwa kibaba cha mfalme na si kwa chombo kingine.

Ngiri aliwahi kulalamika mbele ya watu kwamba kibaba kimekuwa kidogo. Simba akamwita.

"Kibaba ni kiganja changu," alisema. "Kwa hiyo unasema nina kiganja kidogo?"

Kabla Ngiri hajajibu, alionjeshwa kiganja chenyewe shavuni. Tangu siku hiyo Ngiri akawa anatafuna upande mmoja, na habari ya kibaba haikusemwa tena.

Sasa bondeni humo alikuwamo Sungura, mama wa watoto saba. Mumewe alikwenda ng'ambo ya milima kutafuta malisho, na salamu zake zilikuwa zikifika vizuri sana. Yeye ndiye hakufika. Mama akabaki na vinywa saba, pamoja na chake ambacho alikuwa amekisahau siku nyingi. Kitinda mimba wake waliomwita Bado alikuwa na jina jingine zuri tu, lakini kila alipomaliza kula aliinua bakuli na kusema, "Bado!" Basi jina likamganda, na mama naye akawa Mama Bado kwa bonde zima.

Sungura alikuwa na karanga za aina mbili. Za kwanza ni zile za kununulia: kila baada ya siku tano alibeba kikapu kimoja kwa Fisi, akapimiwa vibaba vitano vya unga. Za pili zilikuwa ndani ya chungu kilichozibwa mdomo kwa udongo, zimewekwa kwa ajili ya kupanda.

"Hizi si chakula," aliwaambia watoto. "Hizi ni mwaka ujao. Atakayegusa chungu hiki amekula shamba."

Zamani unga wa siku tano ulitosha siku tano. Kiangazi hiki ulianza kwisha siku ya nne, kisha siku ya tatu. Sungura akasema labda ni yeye hajui kubana matumizi. Akabana. Ugali akaupunguza, akaongeza mchicha wa porini. Mchicha ulipokwisha akaongeza majani ambayo hata jina hakuyajua. Uji akaufanya mwepesi mpaka mtoto wake mmoja akajiona humo ndani, akashtuka. Chakula chenyewe akakipika mara moja tu kwa siku, ili kupunguza safari za watoto kuonja sufuriani. Yeye mwenyewe alikomba mwiko akauita mwiko huo chakula cha jioni.

Unga ukazidi kwisha.

Jirani yake, Bi Kanga, alikuwa na shauri kwa kila jambo isipokuwa mambo yake.

"Shoga, kosa lako ni kwenda dukani na watoto," alisema. "Mtoto akiona hiki anakitaka, akiona kile anakitaka."

"Kwa Fisi kuna unga mtupu, Bi Kanga. Watatamani nini, kizingiti?"

"Basi usiende na njaa. Mwenye njaa hununua kwa macho."

"Na shibe ya kwendea dukani niipate wapi," akauliza Sungura, "ikiwa shibe ndiyo ninayokwenda kununua?"

Bi Kanga akatafakari, kisha akakumbuka ana mayai ya kuatamia.

Siku ikafika Sungura akachukua kikapu cha mwisho cha karanga za kununulia. Baada ya hicho hakuna kingine ila chungu kilichozibwa. Alitembea na moyo mzito, na safari hii aliamua kwamba macho yake hayatatoka kwenye mkono wa Fisi.

"Karibu, Mama Bado!" Fisi alimpokea huku mate yakimtoka. "Watoto hawajambo? Wanakua?"

"Wanajitahidi, Bwana Fisi. Chakula ndicho hakijitahidi."

Fisi akacheka, akachota unga, akaupangusa juu kwa ukucha usizidi hata chembe. "Kimoja! Haba na haba hujaza kibaba, mama. Viwili! Shukuru kidogo. Vitatu!"

Hapo ndipo Sungura alipomwona nyuki. Nyuki alizunguka mkono wa Fisi, akatua kwenye mdomo wa kibaba, akafukuzwa, akarudi. Fisi akampiga kofi, akakosa. Nyuki hafuati unga, aliwaza, na Fisi hauzi asali. Akakumbuka pia kwamba mwanzo wa kiangazi Fisi alionekana na uso uliovimba kama boga, akadai ameanguka. Mtu huangukaje akavimba masikio?

Nyumbani alimimina unga ule katika kibuyu chake cha siku zote. Zamani vibaba vitano vilifika shingoni. Leo viliishia tumboni. Basi akaelewa yote: Fisi alikuwa amekandika nta chini ya kibaba. Nje kibaba ni kilekile, kucha za mfalme ni zilezile, ila ndani chini kimeinuliwa, na watoto wa watu wanalala njaa. Sungura alilia kwa hasira. Alikuwa amewanyima watoto wake kwa kujidhani mbadhirifu, kumbe mwizi wa shibe yao alikaa kisimani akicheka.

Lakini afanye nini? Kumwambia Simba kwamba kibaba kimepungua ni kwenda kuchukua shavu la Ngiri. Mfalme haambiwi. Ni lazima aone mwenyewe.

Kesho yake akarudi dukani mikono mitupu, uso umejaa heshima.

"Bwana Fisi, nimekuja na wazo. Wazo halihitaji kikapu."

"Sema upesi."

"Kina mama wa hapa wamechoka. Maji mbali, watoto wanalia asubuhi. Wewe una kisima mlangoni. Kibaba kimoja cha unga ukikipika, unapata vibaba sita vya uji. Uza uji, Bwana Fisi. Maji hayakugharimu kitu."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Sita? Kwa kimoja?"

"Ukiupika mwepesi, saba."

Mate yalimtoka Fisi mpaka yakalowesha kizingiti. "Na bei?"

"Bei ni yako. Mtoto akilia, mama haulizi bei. Ila uwe wa moto sana. Uji uliopoa nani ataununua? Na siku ya kwanza mwalike mfalme. Akinywa yeye kibaba cha kwanza, ni nani atakayethubutu kusema uji ni mwepesi?"

"Mama Bado," Fisi akasema kwa upole usio wa kawaida yake, "kwa nini unanisaidia?"

"Nina watoto saba. Nikipata kuni chache za kubakiza na usingizi wa asubuhi, mimi nimepata."

Fisi akakubali. Tumbo lake lilikwisha kuhesabu sita, saba, sita, saba, na tumbo la Fisi likihesabu, kichwa chake hulala. Nta hakuikumbuka kabisa.

Siku ya tatu asubuhi, siku ambayo unga wa Sungura ulikuwa umebaki wa mlo mmoja tu, wanyama wote walikusanyika kisimani. Chungu kikubwa cha uji kilitokota. Simba alikuja taratibu, manyoya yamechanwa, akaketi mahali pa juu. Uji haukuwa chakula chake, na alitaka kila mtu ajue kwamba anawafanyia hisani.

Fisi akachota uji unaochemka kwa kibaba cha mfalme, akakijaza, akakiweka mbele yake.

"Mtukufu apulize kwanza, ni wa moto," akasema.

"Mfalme hapulizi uji," Simba akajibu.

"Bila shaka!" Sungura akaruka mbele. "Uji ndio umsubiri mfalme. Na wakati uji unasubiri, naomba nitaje sifa zake."

Akaanza. Alimsifu Simba kwa kishindo chake na kwa kivuli chake. Aliwasifu babu zake saba, mmoja mmoja. Aliusifu mkia, kisha akarudia mkia kwa kuwa mfalme aliupenda ubeti huo. Kila sifa ikiisha, Simba alisema, "Endelea." Kibaba kikakaa pale na uji wake wa moto, na ndani, polepole, nta ikalegea, ikaachana na mti, ikapanda juu. Uji ukaanza kupoa. Sungura akachungulia kwa jicho moja, akamaliza.

"Na sasa, Mtukufu, kiganja chako kinywe kutoka kiganja chako!"

Simba akainua kibaba, akakipindua kinywani kwa mkupuo mmoja.

Kisha akafumba mdomo. Kisha akajaribu kuufumbua.

"Mmmh," alisema Simba.

Nta ilikuwa imeshika meno ya juu na ya chini, na nyingine imeganda kwenye sharubu. Simba akavuta pumzi ili angurume, bonde lote likaziba masikio.

"Mmmh! Mmmmh!"

Ngiri akauma ulimi. Bi Kanga akaficha kichwa chini ya bawa. Hakuna aliyethubutu kucheka, ila Fisi, ambaye aliogopa kuliko wote, na Fisi akiogopa hucheka. Akacheka peke yake, mbele ya mfalme, kicheko kirefu alichoshindwa kukikata.

Simba akaingiza ukucha, akachokonoa, akatoa donge la nta lenye ukubwa wa nusu ya ngumi. Akalitazama. Akakitazama kibaba. Ndani kilikuwa kirefu kuliko ilivyokuwa jana.

"Ajabu hii!" Sungura akasema kwa sauti ya mtoto asiyejua kitu. "Mtukufu, kwani kiganja chako kilikuwa kimekonda? Unga wa juzi ulikuwa mchache katika kibaba hikihiki. Labda ni njaa ya mwaka huu ilikikondesha, na uji umekinenepesha."

Simba akajaza kibaba unga, akaumimina kiganjani. Ukaenea sawasawa. Akaweka donge la nta ndani ya kibaba, akajaza tena, akamimina tena. Kiganja kikabaki nusu tupu, mbele ya watu wote.

"Ni nani," alinguruma Simba, na safari hii mngurumo ulitoka wote, "aliyekikondesha kiganja changu?"

Fisi bado alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka.

Hukumu haikuchukua muda. Tangu siku hiyo mpaka mvua inyeshe, ghala la Fisi likawa la bonde, na kila aliyewahi kumletea Fisi kikapu akawa anapimiwa bure vibaba kumi badala ya vitano, ili arudishiwe alichopunjwa. Kibaba akakabidhiwa Ngiri. Simba alimtazama shavu, akakohoa kidogo, akasema kwamba Ngiri siku zote alikuwa na jicho zuri la vipimo. Kwa mfalme, hayo ndiyo maneno ya kuomba radhi.

"Na Fisi atakula nini?" akauliza Ngiri.

"Kama Mtukufu hataitupa hiyo nta," Sungura akasema, "naiomba."

Akaifinyanga palepale, akatengeneza kikombe kidogo, kipana kiasi cha kuingia kidole gumba. Akakiweka mbele ya Fisi.

"Kikombe hiki kimoja kila siku, Bwana Fisi. Uji uwe umepoa, usije ukakiyeyusha."

"Hiki?" Fisi alilia. "Hiki hakimshibishi hata mende!"

"Haba na haba," akasema Sungura.

Jioni ile alisonga ugali mzito. Watoto saba walikula mpaka wakaacha kuongea, na mama akala nao, kwenye bakuli lake mwenyewe, si kwenye mwiko. Chungu cha mbegu kilikuwa pembeni, mdomo umezibwa vilevile. Mwishoni Bado akainua bakuli lake. Wote wakamtazama wakingojea neno lake. Mtoto akatazama ndani, akafikiri, akaliweka chini.

"Nimeshiba," akasema, akalala hapohapo.

Sungura alilia tena, lakini machozi haya hayakuwa ya hasira. Mvua ilipokuja, alivunja udongo wa chungu, akapanda karanga zote, akipita kila asubuhi mbele ya duka la kisimani, ambako Fisi aliketi akilamba kikombe cha nta. Mla cha mwenziwe, na chake huliwa.