Mrina Asali Aliyekalia Kiti cha Enzi

Paukwa!

— Pakawa!

Kiti kilikuwapo?

— Kikawapo!

Na mwenye kiti?

— Akawa peke yake!

Basi sogeeni, wajukuu zangu. Hapo kale aliishi mrina asali jina lake Ndaro. Mali hakuwa nayo. Alikuwa na mchumba, Nyamvula mfinyanzi, na alikuwa na kicheko kilichosikika ng'ambo ya bonde.

Mfalme wa nchi ile akafa bila mtoto. Dada yake, Mejumaa, ndiye aliyeamua kesi zote mfalme alipokuwa mgonjwa. Lakini wazee wakasema, "Kiti hakikaliwi na mwanamke." Wakatafuta mwanamume wa damu ya mfalme. Wakatafuta, wakatafuta, wakamkuta Ndaro juu ya mti, nyuki wamemzunguka.

"Shuka, Mfalme!"

"Mfalme yupi?" Ndaro akauliza, akigeuka kutazama nyuma yake.

— Nyuma kulikuwa na nani, Babu?

Matawi tu! Wakamweleza kuwa babu yake alizaliwa jumbani mwa mfalme, akatoroka. Wakamchukua.

Na kiti kile kilikuwa kinasema. Ndaro alipokikalia, akaona kofia ndefu za wazee, akacheka. Kiti kikasema, "Mfalme hacheki." Ndaro akanyamaza.

Akaletewa wali na kuku mzima. Akamwita mpishi, "Karibu tule." Kiti kikasema, "Mfalme hali na mtu." Ndaro akala peke yake.

Hata siku moja Nyamvula akaja, amejitwika chungu. Akasimama mbele ya watu wote. "Ndaro, ni mimi." Kiti kikasema, "Mfalme hamjui mtu."

— Akamjibu? Babu, akamjibu?

Hakumjibu. Alitazama ukuta. Nyamvula akageuka na chungu chake, akaenda zake.

Hapo ndipo Ndaro alipoujua upweke. Jumba limejaa watu, na hakuna hata mmoja wa kumwita jina lake. Akajaribu kucheka chumbani. Kicheko kikakataa kutoka.

Kulipokucha akamshika mkono Mejumaa, akampeleka hadi kwenye kiti. "Shangazi, kaa wewe."

Wazee wakapiga kelele, "Kiti hakikaliwi na mwanamke!"

Kiti kikasema, "Hilo mlisema nyinyi. Mimi hamkuniuliza."

— Kumbe!

Mejumaa akakaa. "Nenda, mwanangu," akasema. "Mimi upweke nimeuzoea."

Ndaro akakimbia hadi kwa Nyamvula. "Hodi!" Akabisha tena, "Hodi! Ni mimi, Ndaro."

"Ndaro yupi? Simjui mtu huyo."

Ndaro akakaa nje ya mlango. Jua likapanda, jua likashuka. Akasema, "Uliniita mbele ya watu, nikakuacha umesimama peke yako. Nisamehe." Mlango haukufunguka. Uani palikuwa na rundo la udongo. Akaanza kuukanda. Akaukanda, akaukanda, mikono ikamuuma.

Mlango ukafunguka kidogo.

"Udongo wako mkavu," Nyamvula akasema. "Tia maji."

Ndaro akatia maji.

— Wakaoana?

Polepole, wajukuu zangu, polepole. Lakini wakaoana.

Basi jueni: cheo kinachokukataza kumjua mwenzio kitakuacha mpweke hata katikati ya umati. Ngano yangu inakomea hapo. Aliyeketi karibu na mwenzake, amwite kwa jina.