Namba Tisa Aliyegeuka

Wewe uliyekaa mbele hapo, umewahi kupigiwa makofi kwa kazi ya mtu mwingine, ukainamisha kichwa kidogo, ukasema asante? Usijibu. Jirani yako anakusikia.

Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha sita katika shule ya bweni ya wasichana, huko milimani ambako ukungu hushuka mchana kweupe na kukalia uwanja wa mpira mpaka magoli yapotee. Binti alikuwa mshambuliaji. Si mbaya. Timu yao ilikuwa na jezi kumi na moja, za akiba hakuna. Mchezaji akibadilishwa, wenzake walimzungushia kanga pembeni ya mstari, akavua, na anayeingia akaivaa jezi ile ile ikiwa bado ina jasho la mwenzake. Hivyo ndivyo namba tisa ilivyokuwa na wenyewe wawili: binti huyu kipindi cha kwanza, rafiki yake kipindi cha pili.

Ikatokea chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kinatafuta wasichana wa kuchezea timu yake. Anayechaguliwa anasomeshwa miaka yote minne. Kocha wa huko hakutaka maelezo marefu, alitaka video ya dakika tano. Mwalimu wa michezo alikuwa semina siku ya fainali ya mkoa, lakini matroni alikuwa ameirekodi mechi kwa simu. Mwalimu akamwita binti kwenye stoo ya vifaa.

"Hili bao la mguu wa kushoto. Namba tisa ni wewe, au mlikuwa mmeshabadilishana?"

Binti akatazama. Ukungu ulikuwa umekula nyuso zote, zimebaki namba migongoni. Yeye mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kupandia ngazi tu.

"Ni mimi, mwalimu."

"Kumbe ulikuwa unatuficha. Haya, tunaituma."

Baada ya wiki tatu jibu likaja, mstari mmoja: tunamtaka namba tisa.

Binti akaomba aione video tena, kwa furaha tu. Namba tisa akapokea, akapiga, akafunga, akakimbilia kwenye kona huku amewapa mgongo. Vizuri. Kesho yake akaomba tena. Safari hii namba tisa, baada ya kufunga, alitupa jicho nyuma ya bega. Binti akadhani hakuwa makini jana. Siku ya tatu namba tisa hakukimbia kabisa. Wenzake walimpita wakienda kushangilia, yeye akabaki amesimama kiubavu, kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Mwalimu, umeikata tena hii video?"

"Sijaigusa. Kwani ina nini?"

"Huyu... amesimama."

"Nani amesimama? Hapo unafunga. Unataka nikusifu mara ngapi, mwanangu?"

Hakuomba tena kuiona.

Jumamosi asubuhi shule nzima ikakusanyika bwaloni kumuaga. Wakatundika shuka jeupe ukutani, matroni akawasha projekta. Mezani kwa mkuu wa shule kulikuwa na fomu ya chuo, yenye mstari mmoja wa kutiwa saini na binti mwenyewe mbele ya mkuu: nathibitisha kwamba mchezaji anayeonekana katika video ni mimi. Bila saini hiyo, hakuna safari.

Wasichana wakawa wanamtania. "Ukifika huko usiturudie na Kiswahili cha puani."

"Tutumie viatu, hata vilivyochoka."

Rafiki yake alikuwa mstari wa tatu. Hakutania.

Video ikaanza. Namba tisa akapokea mpira, akasimama. Mpira ukampita mguuni, ukaviringika polepole mpaka nje. Kisha akageuka mzima mzima, akatembea kutoka kwenye ukungu, akija mbele, mpaka pale kwenye shuka akawa na kimo cha mtu kweli. Uso ulikuwa wa rafiki yake, lakini umetulia mno, kama wa mtu aliyekaa foleni tangu alfajiri na bado hajaitwa.

Na bwalo likapiga makofi. Sekunde ile ile ambayo bao lilikuwa likiingia siku zote, wote wakashangilia bao ambalo halikuingia. Mkuu alishangilia. Mwalimu alipiga mluzi. Rafiki yake naye alipiga makofi, macho yake mapajani.

Najua mnataka kuniuliza kama wengine walimwona yule wa kwenye shuka. Sijui, na wala si hoja. Hoja ni hii: mle bwaloni walikuwemo wasichana walioshika ile kanga siku ya fainali. Alikuwemo matroni aliyeishika simu kwa mikono yake. Walijua ni nani aliyefunga. Kwa nini walipiga makofi? Kwa sababu shughuli ilikuwa inakwenda vizuri, na pilau limeshaiva.

Sisi ndio lile bwalo, ndugu zangu. Hapa hapa kanisani tunajua nani alitunga wimbo na nani alipewa zawadi. Tunajua nani alimuuguza mzee na nani alisifiwa msibani. Tunapiga makofi, na tunapiga kwa nguvu mpaka mwenye haki naye anaona aibu kutopiga. Halafu tunakesha tukikemea mapepo. Mimi mapepo hayanisumbui sana. Makofi yetu ndiyo yananitisha.

Na tusidanganyane kwamba toba ni kulia. Binti yule hakulia. Mkuu alimpa kalamu, akamwambia, "Saini hapa, mwanangu, tukale." Matroni alikuwa ameshachomoa waya wa projekta na anaukunja. Kwenye shuka, namba tisa alikuwa bado amesimama.

Binti akaiweka kalamu juu ya fomu.

"Mkuu, sikufunga mimi," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la jikoni. "Wakati wa mapumziko nilimvulia jezi Tusekile. Bao ni lake. Mwalimu aliponiuliza, nilisema ni langu."