Utando wa Kijani Bwawani

Mtu akiwashwa kitandani hulaumu mkeka, akalaumu mbu, akamlaumu hata mwenyeji aliyemlaza. Shuka alilojifunika mwenyewe hulikung'uta mwisho kabisa. Ndivyo tulivyo wanadamu. Adui tunamtafuta ng'ambo ya mto, ilhali tumekwisha kumkaribisha ndani na kumpa kigoda. Asiyeamini na asikilize yaliyotokea Masanze, wilayani Kilosa, enzi za vijiji vya ujamaa.

Kijiji kilikuwa bado kichanga. Watu walichimba bwawa kwa majembe na makarai, wakaelekeza humo maji ya kijito, wakapandikiza vifaranga vya perege vilivyoletwa kutoka Morogoro ndani ya madebe. Msimamizi alikuwa Selestina, mjane shupavu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Kila nyumba kumi zilikuwa na zamu yao ya kulisha samaki, naye Selestina alisimama ukingoni akiyakagua makapu. Kapu la pumba likipungua kidogo tu, alipaza sauti, "Jamani, hiki ni chakula au mmetuletea cha kuonja?" Nani apende kuumbuliwa mbele za watu? Makapu yakaja yamejaa mpaka yanamwagika. Joha, jirani yake, akaongeza na samadi ya mbuzi wake. Jioni, watu wakiisha kwenda, Selestina naye aliwatilia samaki machicha ya pombe yake ya mtama, kwa mapenzi tu.

Ikawa mwezi mmoja kabla ya Saba Saba, sikukuu ambayo kijiji kizima kilingoja kula samaki wake wa kwanza, Selestina akafika bwawani alfajiri na kushika kichwa. Maji yalikuwa yamefunikwa na utando mzito wa kijani. Ukijani mzuri aliujua: bwana samaki wa wilaya aliwafundisha kuzamisha mkono hadi kiwiko, na vidole vikipotea katika maji ya kijani, basi samaki wana malisho. Huu haukuwa ule. Alipoushika ulivutika kama mlenda, nyuzi kwa nyuzi, ukinuka yai bovu. Perege walikuwa wameelekeza midomo juu wakitweta, na wengine walikwisha kuelea matumbo yakiwa juu.

"Lupakisyo!" akafoka. "Huyu ndiye aliyetumaliza!"

Lupakisyo alikuwa Mnyakyusa aliyekuja zamani kukata mkonge mashambani, akaoa, akabaki. Sasa alisokota kamba, na majani yake ya mkonge aliyaloweka kijitoni, upande wa juu wa bwawa. Maji ya mkonge yananuka, hilo hata mtoto wa Kilosa analijua. Mkutano ulipoitwa, hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi.

"Mtu wa kuja, fadhila hana!" Joha alipiga kelele. "Ahame na mkonge wake!"

Mwenyekiti Mwinshehe aliinua mkono. "Ndugu Selestina, wewe ndiye msimamizi. Kesho tuonyeshe ushahidi, naye atahama na familia yake."

"Nitauonyesha," Selestina alijibu bila kumung'unya maneno.

Lupakisyo alisimama, kofia mkononi. "Dada, nenda ukaangalie vizuri. Wanangu wamezaliwa hapa. Mimi sina kwingine."

Kulipokucha Selestina alifuata kijito hadi mahali pa mkonge. Alipogeuka kushuka, akashangaa. Mawe yalikuwa safi, na visamaki vidogo vilichezacheza katikati yake. Kwenye mlango wa bwawa, maji ya kijito yalikuwa maangavu. Utando ulianza mbali na hapo, ukizidi kunenepa kadiri alivyouzunguka ukingo, mpaka kwenye pembe yenye jukwaa la kulishia. Mkaidi wa kawaida angerudi nyumbani akanyamaza. Selestina alikuwa mkaidi wa kweli. Akaifunga khanga yake vizuri, akaingia majini.

Akazama hadi magotini katika tope jeusi. Alipochota konzi mbili alikuta pumba zilizooza, samadi, na maganda mekundu ya mtama. Yale maganda aliyatambua mara moja. Moyo ukampasuka kwa aibu, lakini hakungoja aibu imshauri. Aliita kwa ile sauti yake, watu wakatoka mbio wakidhani kuna mamba.

"Tazameni!" alisema, ameunyoosha mkono unaochuruzika tope.

"Lupakisyo ndiye aliyeyatupa humo," Joha akadakia.

"Lupakisyo amepika pombe lini, Joha? Machicha haya ni yangu. Hiyo samadi ni ya mbuzi wako. Samaki walishiba zamani, sisi tukazidi kuwatilia. Mabaki yameoza, uozo ukaotesha utando, utando ukawanyima pumzi."

Mwinshehe alijikuna kidevu. "Sasa atahama nani?"

"Mwenyekiti," Lupakisyo akasema, "kwa hesabu hiyo hameni ninyi nyote, mniachie kijiji."

Watu wakaangua kicheko, Joha akiwa wa mwisho. Selestina hakucheka. Alipanda ukingoni na matope yake, akasimama mbele ya Lupakisyo. "Nisamehe, kaka yangu. Nilitaka kukutoa nyumbani kwako kwa kosa la mikono yangu."

"Yamekwisha, dada. Tuwaokoe samaki."

Kazi ikaanza saa ile ile. Kulisha kulisimamishwa. Lupakisyo alileta kamba zake, wakafungia matawi ya miti na kuyaburuta kutoka ukingo huu hadi ule, utando ukija nao mafungu kwa mafungu. Tope walilichota kwa makarai wakalipeleka migombani. Maji machafu yakafunguliwa yatoke, mapya yakaingia. Walipoanza kulisha tena, Selestina alirusha konzi moja tu, akangoja iliwe yote kabla ya kurusha nyingine. Mtu akija na kapu la kujionyesha, alimrudisha nalo nyumbani.

Bwawa likarudia ukijani wake wa afya. Siku ya Saba Saba walivua perege wachache kuliko walivyotarajia, lakini wanono wa kutosha kila chungu. Wa kwanza Selestina mwenyewe alimpelekea mke wa Lupakisyo, tena mchana kweupe, kila mtu akiona. Kijiji kizima kilikuwa kimemtafuta adui kijitoni, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.