Mbegu za Kilindo na Wageni Kumi na Mmoja

Hapo zamani, jamani, mwaka ambao hata kunguru walihama, katika kijiji cha Mbigili alikuwepo mjane mmoja, jina lake Nyendo, mtunza kilindo. Kilindo ni kasha la gome la mti. Humo zilikaa mbegu za mtama za kijiji kizima, zimechanganywa na majivu ili mtu asizitamani. Sheria ilikuwa moja: kufa utakufa, mbegu haziliwi. Mwenye kula mbegu amekula mwaka wa kesho.

Njaa ikauma, ikauma, ikauma kweli. Akaja Malogo, shemeji yake Nyendo, ambaye mkewe alikuwa ametoka kujifungua.

"Shemeji, konzi moja tu. Maziwa ya mwenzangu yamekatika."

"Shemeji, sheria unaijua."

"Naijua."

"Basi usinijaribu."

Malogo akageuka, akaenda kuchimba mizizi. Kilindo kilining'inia nyuma ya ukuta wa udongo ambao angeweza kuutoboa kwa kidole. Hakuutoboa. Nyendo akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa kumpa moyo mgumu. Ndivyo alivyosali, maskini, wala hakujua anashukuru nini.

Siku ya tatu yake, wageni hao! Watu kumi na mmoja, vumbi mpaka kwenye kope, na mbele yao mwanamke mrefu aitwaye Kalunde, amekumbatia blanketi kuukuu. Kijiji kikakusanyika mbio.

"Wafukuzwe!"

"Wapewe maji kwanza!"

"Maji ya nani? Ya mama yako?"

Wakabishana, wakakubaliana: wanywe, wapumzike, kesho waondoke. Kisha wote wakarudi porini kwenye mizizi yao, Nyendo akabaki na wageni.

Kugeuka, anaona mtoto wa kigeni amepiga magoti kwenye jiwe lake la kusagia. Analilamba! Jiwe halijasaga kitu mwezi mzima, na mtoto analilamba. Mikono ya Nyendo ikaenda yenyewe. Akashusha kilindo, akachota nusu. Akaosha majivu, akaosha tena, akaosha mara ya tatu. Akasaga, akasonga, akawalisha wote kumi na mmoja.

Wa kwanza kurudi alikuwa Malogo. Akanusa.

"Shemeji, kumbe kwako moto unawaka na chungu kiko juu?"

Nyendo hakujua kuficha. Akangoja watu watimie, akasimama mbele yao.

"Nimekosa. Nimefungua kilindo. Na hili hamjaniuliza, lakini Mungu ameliona: nililamba mwiko. Mara mbili."

Weee! Pakawa hapatoshi.

"Atolewe, yeye na wageni wake!"

"Mwiko tena! Hata mwiko!"

Na papo hapo, ngurumo! Wote wakatazama juu. Wingu jeusi, zito, linakuja mbio kama ng'ombe walioona maji. Mvua imefika na mbegu ni nusu! Wanaume wakashika vichwa, wanawake wakaangua kilio.

Ndipo Kalunde akatandaza lile blanketi, akang'ata uzi wa pindo kwa meno. Shaaa! Mtama mwekundu ukamwagika, konzi juu ya konzi.

"Mbegu za kwetu hizi," akasema. "Tupeni ardhi, tupande pamoja."

Malogo akaruka. "Mama we! Umekula mbegu zetu, na zako umezikalia?"

"Nimezikalia, baba. Nimezika mwanangu njiani, na pindo sikulifungua."

Matone yalikuwa yameanza. Wakakimbia shambani, wenyeji na wageni, wakapanda kwa majembe, kwa vijiti, kwa visigino, mvua inawachapa migongoni.

Mtama ukazaa, mweupe na mwekundu. Siku ya kuvuna, wakajaza kilindo, wakakiweka katikati. Nani akitunze? Maana mwenye kilindo ndiye, njaa ikirudi, atakayesema nani ale na nani angoje.

Nyendo akasema, "Makosa yangu mawili nayakiri: nilimnyima ndugu, nikavunja sheria kwa wageni. Lakini nisingefungua, hawa wangekufa, na mbegu zao zingeliwa na mchwa. Mkono uliofungua ndio uliotuokoa."

Malogo akasema, "Mimi nilikuwa na njaa, na ukuta niliujua, na sikuiba. Sheria nimeishika kwa tumbo langu na la mke wangu. Aliyenifukuza kwa sheria hiyo aliivunja siku ya tatu!"

Kalunde akasema, "Mlinzi ni yule asiyefungua hata akililiwa. Nilililiwa."

"Hata ukishiba vya wenzio?" akauliza Malogo.

"Hata hivyo."

Wakabishana mpaka sauti zikakauka, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Haya, ninyi mliokaa hapo mmeshiba! Njaa nyingine iko njiani, na safari hiyo anayelia ni mtoto wako. Kilindo utakitia mikononi mwa nani: aliyefungua, aliyevumilia, au aliyeficha? Je, nani alistahili?