Mtondoo wa Vitovu

Sogeeni, wanangu, niwape ya kijiji kimoja cha pwani.

Palikuwa na mtondoo mkongwe, na kila mtoto aliyezaliwa pale, kitovu chake kilizikwa chini yake. Kijana mmoja wa pale, Chande, akautaka uwanja wa mti ule ajenge ghorofa. Mama yake, Bi Mize, akamsihi, "Mwanangu, mti huo ndio unaotujua." Chande akachukua shoka.

Akapiga mara ya kwanza. Mti ukamwita, "Chande wa Makame wa Kheri."

Akapiga mara ya pili. Mti ukamwita, "Chande wa Makame."

Akapiga mara ya tatu. Mti ukaita kwa sauti ya mgonjwa, "Chande." Kisha ukaanguka, kimya.

Akarudi nyumbani, akapiga hodi. Bi Mize akafungua, akamtazama kwa upole.

"Karibu, mgeni. Wewe mtoto wa nani?"

Akafungua mdomo ajibu. Akalitafuta jina la babu, la baba, na lake mwenyewe, asipate hata moja.

Ghorofa alilijenga. Hukaa barazani, na kila apitaye humuuliza, "Wanijua?" Nami nilipita, nikaulizwa, nikamtajia jina lake. Akanishukuru sana, akasema hajapata kulisikia.