Jina Moja kwenye Jalada

Sogeeni karibu, kuna kesi hapa haijapata wa kuiamua.

Huko Tukuyu walikuwako watu watatu. Tumpe alikuwa na shahada ya sheria, na jicho la kuiona amri iliyojificha ndani ya ibara ndefu. Asukile, shemeji yake, aliandika miongozo ya pampu za maji. Hata asiyewahi kushika spana aliisoma akafunga pampu. Subilaga, mke wa Asukile na dada yake Tumpe, alikuwa na steshenari ya kuchapa na kutoa kopi. Yeye hakuwahi kujifanya ameelewa asichokielewa.

Ikatoka kanuni: kila kikundi kinachouza bidhaa mtandaoni kisajili ukurasa wake ndani ya siku tisini, la sivyo ufungwe.

Tumpe akasoma kurasa zote sitini, akakuta yanayomhusu muuza viazi ni mambo saba tu. Bila yeye, watu wangejaza fomu zisizo zao.

Asukile akayageuza yale saba kuwa hatua, kila hatua tendo moja. Bila yeye, yangebaki maneno ya mahakamani.

Subilaga akakaa mbele ya kompyuta, akafanya kila hatua kama ilivyoandikwa, bila kuongeza lake. Alipokwama, aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Mwanasheria wangu, hapa umenipoteza."

"Dada, si unajua nilichomaanisha!"

"Mimi ninajua. Mama Atu wa viazi naye utamfuata sokoni umweleze?"

Wakaandika upya mara kumi na nne. Vikundi arobaini vikasajiliwa, hakuna ukurasa uliofungwa. Mwezi uliofuata Subilaga akaugua, akafariki.

Ndipo mamlaka ikatangaza nafasi moja ya mwandishi wa miongozo ya sheria za mtandao. Mwombaji alete mwongozo wenye jina la mwandishi mmoja, ili mwananchi ajue wa kumuuliza. Jina likishasajiliwa halibadilishwi. Sharti hilo la jina moja lilipendekezwa na Tumpe mwenyewe, katika maoni aliyoipelekea mamlaka alipokuwa chuoni. Wakati ule alijivunia.

Sasa ana miaka minne tangu ahitimu, na barua thelathini na moja za kuomba kazi zisizojibiwa. Kazi nyingine inayotaka sheria na uandishi wa namna hii kwa pamoja hajaiona. Kiwanda cha Asukile nacho kimefungwa.

"Shemeji, basi andika jina lako," Tumpe alisema.

"Langu la nini? Andika la Subilaga."

"Marehemu haajiriwi."

"Najua. Miaka ishirini alichapa kazi zenye majina ya watu wengine."

"Na mimi?"

"Wewe ungali hai."

"Hai wa kufanya nini, shemeji?"

Asukile akatazama saa. Maombi yanafungwa saa kumi, na sasa ni saa tisa na nusu. Nafasi ya jina kwenye jalada la mwongozo wao bado tupu.

Haya, mlioketi hapa: aliyeielewa kanuni, aliyeiandika, au aliyekataa kujifanya ameielewa mpaka ikaeleweka? Wewe ungeandika jina la nani?